Siku Tatu za Kukaa, Siku Mbili za Kungoja

Mama Seokju alinishika kiganja, akakunja mkono wa blauzi yangu hadi juu ya kiwiko, akanivuta mpaka dirishani penye mwanga.

"Simama vizuri," alisema. "Usitetemeke, sikuchinji."

"Sitetemeki, mama."

"Unatetemeka, mtoto wee."

Nilikuwa natetemeka kweli. Ungekuwa wewe usingetetemeka? Maisha yangu yote yalikuwa kwenye kipande kile cha ngozi, kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha, na yule mama alikuwa anakikagua namna wanawake wa kwetu Chungmu wanavyokagua kabichi za kusindika kwa ajili ya baridi, jani kwa jani, akitafuta doa. Aligeuza mkono huu, akageuza ule. Akanitazama nyuma ya masikio. Akaniambia nifunue tumbo, nikafunua, na aibu yote nikaiweka kando.

"Safi," alisema hatimaye. Lakini hakutabasamu.

Mimi nilitabasamu kwa niaba yetu sote wawili.

Nyumba ya Baek ilikuwa nyumba ya makabati ya kombe. Mbao nyeusi tii, zimepakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka, na juu yake kulungu, korongo, misonobari na kobe, vyote vimekatwa kwa kombe za baharini zinazobadilika rangi ukisogeza kichwa. Mwaka ule kila mama mwenye binti wa kuoza, kuanzia Busan mpaka Seoul, alilitaka kabati la namna hiyo chumbani kwa mwanawe, na asiyeweza kununua jipya aliwaletea akina Baek la bibi yake litengenezwe. Sasa ule utomvu mbichi una ukali wake. Kuna watu wanaushika maisha yao yote wasisikie kitu. Na kuna watu ukiwagusa tu wanavimba uso mpaka macho yanapotea.

Kwa hiyo msichana aliyetaka kuolewa pale alikaa karakanani siku tatu kwanza. Siku ya kwanza unakaa tu, unavuta hewa. Siku ya pili unafuta makabati ya kale. Siku ya tatu unakamua utomvu mbichi kwenye kitambaa kwa mikono yako miwili, bila glavu, mpaka uchafu ubaki ndani na utomvu safi udondoke kwenye bakuli. Mimi nilikuwa nimekamua asubuhi ile, na sasa ilikuwa saa tisa alasiri, na ngozi yangu ilikuwa nyeupe kama nilivyozaliwa.

"Kwa hiyo mama, naweza kwenda kumwambia mama yangu?"

"Mwambie umemaliza kukaa. Bado kungoja." Akanishusha mkono wa blauzi mwenyewe, akafunga kifungo. "Siku mbili. Siku ya tano nitakuja kwenu kwa miguu yangu."

"Mbona watu wote wanasema ni siku tatu tu?"

"Watu wote hawakumzika Yeongok," alisema, akarudi jikoni kwake.

Yeongok alikuwa mke wa mwanawe wa kwanza. Alikufa miaka mitatu kabla, akiwa na mimba, na katika nyumba ile jina lake halikutajwa ovyo. Mimi sikumjua. Nilichojua ni kwamba mumewe, Seokjun, alipanda meli ya uvuvi wa mbali siku ya hamsini baada ya mazishi na hakurudi tena. Baba mtu, Mzee Baek, alikuwa amepooza upande, anachora kwa muda wa saa moja tu asubuhi kwa mkono wa kushoto, halafu analala. Yeye anachora, Seokju, mwanawe wa pili, anakata. Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa mikono miwili ya Seokju.

Na Seokju ndiye wangu.

Nikuambie ukweli, si mzuri wa sura. Ana masikio makubwa, na akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya jino moja lililopanda. Mimi sikumpendea sura. Nilimpenda siku ya kwanza nilipompelekea kapu la kombe za mama yangu. Mafundi wengine wanazimwaga sakafuni kama magamba ya samaki. Yeye alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Nani kaibandua hii? Hajavunja hata ukingo."

"Mama yangu. Anazamia mwenyewe."

"Mwambie namshukuru."

Mama yangu ana miaka thelathini kwenye maji yale ya barafu, na hakuna mtu aliyewahi kumtumia salamu ya asante. Nilirudi nyumbani siku ile nimekwisha.

Basi nilimkuta karakanani ameinama kwenye kasha la kale lililotoka Jinju, kasha la miaka sitini ambalo kulungu wake alikuwa amepoteza mguu wa nyuma. Alikuwa anakata mguu mpya kutoka kwenye ukanda wa kombe mwembamba kuliko unyasi, pumzi ameishikilia.

"Amepata mguu?" nikauliza.

"Anaupata sasa hivi. Miaka yote hiyo kasimama kwa mitatu na hajalalamika. Si kama watu fulani."

"Watu fulani wamekamua utomvu leo, kaka Seokju. Na mama yako kasema 'safi' kwa mdomo wake."

Kisu kikasimama. Akainua macho, akanitazama, na mimi nikajikuta natazama chini, mimi ambaye mama yangu huniita mdomo wa soko. Macho yake yalikuwa yanauliza kitu na yanaogopa jibu.

Akavaa glavu zake nyeupe za pamba. Ndivyo tulivyopendana sisi, miaka miwili, kwa glavu. Akanishika kiganja kwa glavu zile, akakunja blauzi, akaangalia pale pale mama yake alipoangalia.

"Haiwezekani," alisema.

"Ndiyo nini hiyo? Mwenzako anafurahi, wewe unasema haiwezekani?"

"Geumrye. Mkono huu naujua mimi. Umesahau ngazi?"

Sijasahau. Mwaka juzi, wakati wa majani kuanguka, niliteleza kwenye ngazi za karakana yao na yeye akanidaka. Alitoka kupaka, hakuwa amenawa vizuri. Kesho yake vidole vyake vitano vilikuwa vimejiandika kwenye kiganja na mkono wangu, vimeumuka vyekundu, na mimi nilivificha chini ya kitambaa wiki mbili. Yeye tu ndiye niliyemwonyesha. Alilia, mwanaume mzima. Tangu siku ile hakunigusa tena kwa ngozi yake.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimefanya nini kivipi?"

"Usinizungushe. Umefanya nini?"

"Nimekula kuku," nikasema.

Akaniachia. Alielewa mara moja, kwa sababu kwetu kila mtu anamjua kuku yule. Unamchemsha na magome ya mti wa utomvu mpaka supu inakuwa ya njano, na wazee wanasema ukila kidogo kidogo mwili unazoea. Ndani ukizoea, na nje inazoea. Nilianza na vijiko viwili. Miezi saba, kila wiki, kwa shangazi mmoja wa kijijini asiyeuliza maswali. Midomo ikivimba namwambia mama ni nyuki. Tumbo likiuma nasema ni siku zangu. Mara moja nililala sakafuni kwa shangazi tangu asubuhi mpaka jua linazama, moyo unakwenda mbio, nikadhani nimekwisha, na wiki iliyofuata nikarudi kula tena.

"Nani kakutuma?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyonitisha.

"Hakuna aliyenituma. Nimejituma. Wewe ulikuwa unakaa tu na glavu zako, unanitazama kama maiti, mtu mmoja alipaswa kufanya kitu!"

"Yeongok naye alikula."

Nikamkodolea macho.

"Kuku huyo huyo. Kaka aliniambia bandarini siku anaondoka. Mama hajui mpaka leo. Siku zake tatu zilikuwa safi kama zako. Tukapiga makofi, tukala keki za mchele. Nilicheza ngoma kwenye harusi ile, Geumrye, mimi mwenyewe."

"Mimi si Yeongok."

"Ndivyo alivyokuwa anasema na yeye. 'Mimi si mtu wa kuvimba, shemeji.' Huku anajikuna."

Aliinuka, akazunguka kasha, akarudi. Karakana ilikuwa kimya, unasikia gundi ya samaki inachemka taratibu kwenye kikopo.

"Tuondoke," alisema. "Masan kuna kiwanda kikubwa cha makabati. Kule hawatumii utomvu, wanapaka rangi ya korosho, ya kopo. Haidhuru mtu."

"Wewe? Upake rangi ya kopo?"

"Nitapaka hata lami. Ukikaa hapo ndani ya mwanga huo nikutazame kila siku, nitapaka hata lami."

Jamani, mwanamke gani asingeyeyuka? Niliyeyuka. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua wakati wa kunyamaza.

"Na baba yako?"

Akaligeukia kasha.

"Na yule kulungu? Nani atampa mguu?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Unaona, hujanijibu. Utakwenda Masan na mimi, na kila jioni utarudi umekaa namna hiyo ulivyokaa sasa, na mimi nitakuwa ndiye mwizi aliyemwibia Mzee Baek mkono wake uliobaki. Sitaki, Seokju. Nataka kuingia nyumba hii kwa mlango wa mbele, mama yako akinishika mkono. Siku ya tano nitakuwa safi, utaona."

"Na usipokuwa safi?"

"Nitakuwa."

"Nimekuuliza, usipokuwa?"

"Nimeshakujibu!" nikapiga kelele, na ndani Mzee Baek akakohoa. Niliondoka bila kumuaga. Mlangoni niligeuka, nikamwona amesimama palepale, glavu zake ameziangalia kama vitu vya mtu mwingine.

Siku ya nne nilikuwa safi. Mama yangu, ambaye siri haikai kinywani mwake kwa muda wa kumenya kitunguu, alikuwa ameshawatangazia wazamiaji wenzake wote, na mchele wa keki ulikuwa umelowekwa.

"Mwanangu mkwe wa nyumba ya Baek!" alikuwa anaimba huku anapepeta. "Mimi kombe zao nimezibandua miaka mingapi, leo binti yangu atalala chini ya kabati lenye kombe zangu. Hebu nipe huo mkono tena niuone."

"Mama, umeuona mara sita."

"Nitauona mara saba. Wako huo?"

Siku ya tano niliamshwa na masikio. Yalikuwa yanawasha kwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki. Nililala kimya chini ya blanketi nikijiambia ni baridi, ni ndoto, ni sufu ya blanketi. Halafu nikasikia kope za jicho la kushoto hazifunguki vizuri.

Mama alikuja na taa, akanifunua, na ule wimbo wake ukakatika katikati.

"Loo," alisema. "Loo, Geumrye wangu."

Vilikuwa vimetoka kila mahali kwa mkupuo mmoja. Mikononi malengelenge, shingoni vipele vyekundu vimeshikana, shavu moja limejaa. Hapo ndipo nilipomwambia habari za kuku. Nilidhani atanichapa. Akakaa chini akafunika uso kwa aproni yake.

Lakini mama yangu si mtu wa kukaa chini muda mrefu. Alichemsha majani ya mchesti, yale ya kutuliza ngozi, akaniosha kwa maji yake. Akanivalisha nguo ya kola ndefu. Akatoa kopo la poda aliyokuwa ameninunulia kwa ajili ya harusi, akaanza kunipaka, usoni, shingoni, viganjani, na kila alipopaka ngozi ililowesha poda ikawa uji.

"Tulia, usijikune. Utakaa mbali na dirisha. Utasema una mafua."

"Mama, ataona."

"Haoni! Macho yake ya kizee yale. Tulia!" Na huku analia, poda yote inamdondokea mapajani.

Saa nne mlango ukagongwa. Alikuja Mama Seokju peke yake, na kitu cha kwanza nilichoona ni nguo. Alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe, ya hariri ya kijivu, na mkononi ana furushi la kitambaa chekundu, lile la posa. Yule mama alikuwa ametoka nyumbani kwake akitumaini. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

"Karibu, karibu mzazi mwenzangu," mama akasema kwa sauti ya juu mno. "Mtoto ana mafua, msamehe, hawezi kusogea."

Mama Seokju hakuketi. Alinitazama kutoka mlangoni. Halafu akaliweka furushi chini, karibu na viatu, akapita.

"Naomba bakuli la maji, Mama Geumrye. Na kitambaa safi."

"Maji ya nini tena? Subiri nikuletee chai..."

"Yeongok naye walimpaka poda," alisema. "Mama yake aliniambia msibani. Siku ya tano vilitoka, wakapaka poda, mimi nikapokea."

Mama akaenda kuleta maji.

Alinifuta yeye mwenyewe. Hakuwa mkali, nilitaka awe mkali ili nipate wa kumchukia. Alifuta paji la uso, akafuta shavu, akafuta shingo taratibu bila kupasua hata lengelenge moja, na alipomaliza akaniangalia nilivyo.

"Mama," nikasema, "nitakaa chumba cha nyuma. Sitakanyaga karakana. Nitapika tu, nitafua tu."

"Utafua nguo za nani?"

"Za... za nyumbani."

"Za mwanangu. Utomvu uko kwenye nguo zake, mwanangu. Uko kwenye nywele zake. Akitoka jasho unatoka nao."

"Nitazoea. Niko karibu kuzoea. Miezi michache tu..."

"Nisikilize." Akakaa sasa, magoti kwa magoti na mimi. "Nilikuwa sijamwambia mtu. Yeongok hakufia karakanani. Tulimtoa karakanani siku alipoanza kuvimba, tukamweka chumbani kwake, tukajua tumemaliza. Alifia kwenye godoro lake, ubavuni mwa mume wake. Koo lilivimba likaziba. Nilikuwa nimemshika mimi. Alikuwa ananitazama, mdomo wazi, na hewa haiingii. Alikuwa anajikwaruza hapa." Akagusa koo lake mwenyewe. "Akatulia. Na mtoto tumboni alikuwa bado anapiga teke. Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo. Alipiga teke muda mrefu, Geumrye. Yeye ameshakwenda, na mtoto anapiga."

Mama yangu alikuwa amesimama na bakuli, hakujua aliweke wapi.

"Mimi nakupenda wewe," akaendelea. "Hujui, lakini nakupenda. Unaijaza nyumba kelele. Ndiyo sababu siwezi kukuchukua."

Mlango ukafunguliwa tena. Seokju. Hakuwa amebisha. Alikuwa na begi begani, na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na nywele zake alikuwa amezinyoa zote, kichwa kitupu, masikio yake yamekuwa makubwa maradufu. Katika siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Akainama mbele ya mama yangu mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mama," alimwambia mama yangu, "nimekuja kumchukua binti yako. Twende Masan. Kazi nimeshapata. Nguo zangu zote nimechoma. Visu nimemwachia baba."

"Seokju," mama yake akaita.

"Nimesugua tangu jana, mama. Kwa mafuta, kwa sabuni, kwa mchanga. Hakuna kitu kimebaki. Angalieni."

Akatoa mikono. Mungu wangu, ile mikono! Ilikuwa imechubuka, myekundu kama imetolewa kwenye maji ya moto, na pembeni ya kucha ilikuwa inatoa damu. Ndiyo ile mikono iliyokuwa inakata mguu wa kulungu bila kutikisika. Chumba kizima tuliitazama.

Nilimwangalia Mama Seokju, nikangoja apige kelele. Amwambie baba yako je, nyumba je, kaka yako ameondoka na wewe unaondoka? Alikuwa na haki ya kusema yote hayo. Alishika upindo wa nguo yake ya hariri, akaukunja, akaukunjua.

"Nendeni," alisema.

"Mama?"

"Nendeni, nimesema. Baba yako nitamweleza mimi. Nitafunga karakana, tutakula mboga za bustani, wazee wawili tunahitaji nini." Akamgeukia mwanawe. "Mtu mmoja tu nisimzike. Mchukue upite naye mbali na nyumba yangu, muishi. Mama Geumrye, unasemaje?"

Mama yangu alikuwa analia waziwazi. "Mimi nisemeje? Wanapendana hawa. Waende."

Basi ikawa imekwisha. Mama wawili wamekubali, begi limefungwa, kazi ipo. Katika dunia nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyebaki wa kutuzuia. Seokju akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, na kwa mara ya kwanza hakuziba jino lake.

"Geumrye," akasema. "Twende."

Akaninyooshea mkono, ngozi tupu.

Niliutaka mkono ule. Nakuapia kwa kitu chochote unachotaka, niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Niliuona unakuja, vidole vimefunguka, na chini ya ukucha wa kidole gumba, ndani kabisa ambako mchanga haufiki, nikaona mstari mwembamba mweusi.

Nikaruka nyuma.

Sikuamua. Mwili wangu ulifanya wenyewe. Kisogo kiligonga ukuta, magoti yakapanda kifuani, na mikono yangu yote miwili ikaenda kwenye koo langu, ikalishika.

Mkono wa Seokju ulibaki hewani.

"Unaniogopa," alisema.

"Hapana."

"Geumrye."

"Nimesema hapana! Siogopi, nakupenda, twende, nakuja sasa hivi, ngoja nivae viatu..." Niliyasema yote hayo nikiwa nimejibana ukutani, na mikono haikutaka kushuka kutoka shingoni. Niliiamuru. Haikushuka. Alisogea nusu hatua, nusu tu, nafikiri alitaka kupiga magoti, na mimi nikatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu.

Akarudi nyuma upesi. Akaurudisha mkono, akauweka nyuma ya mgongo wake ili nisiuone.

"Haya," alisema kwa upole sana. "Haya, basi. Sikugusi. Tulia. Sikugusi."

Alimwinua mama yake. Alimwinamia mama yangu. Akaokota begi, na furushi jekundu, na nikawasikia mlangoni wanavaa viatu, yeye anamfungia mama yake kamba kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kuinama.

"Mwite," mama yangu akaninong'oneza, akanitikisa bega. "Mwanangu, mwite! Bado yuko uani. Mwite, atarudi!"

Nilifungua mdomo nimwite. Lakini kwanza nilivuta pumzi, nihakikishe inapita. Ikapita. Nikavuta nyingine, na nyingine tena, na nilipomaliza kuhakikisha, geti lilikuwa limeshafungwa.